Uzi: Joto la bahari hatulizimi sisi, lakini baruti, nyavu za juya na nanga juu ya matumbawe ni kazi ya mikono yetu

#1 Mwambao_Tanga (mleta mada)

Wanajamvi, salaam.

Upepo wa kaskazi ukielekea kuisha, Machi na Aprili, maji yakiwa shwari na ya moto, ndipo wapiga mbizi wanaporudi na habari ya mwamba kuwa mweupe. Mwaka 2024 ilisikika tangu Kenya hadi kwetu huku, na Aprili mwaka huo huo ikatangazwa kwamba dunia imeingia katika upaukaji wa nne wa matumbawe uliogusa bahari zote. Wa kwanza ulikuwa 1998.

Habari hii ikiingia mitandaoni huwa nasoma majibu ya aina mbili. Wapo wanaosema basi, yamekwisha, moshi ni wa viwanda vya wakubwa na sisi hatuna la kufanya. Wapo wanaosema serikali ilete boti za doria, kazi imeisha. Nimeleta uzi huu kwa sababu siamini hata jibu moja kati ya hayo, na nina sababu zangu.

Nianze na msingi, maana wengi tuliozaliwa pwani hatukuwahi kuambiwa darasani. Tumbawe ni mnyama. Ni mdogo, anaishi kwa maelfu pamoja na wenzake, na anajijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya mwili wake umo mwani usioonekana kwa macho, unaotumia jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Hadi asilimia 90 ya nguvu anayohitaji hutoka huko. Rangi zile nzuri nazo zinatokana kwa sehemu kubwa na mwani huo. Maji yakipanda nyuzi 1 tu juu ya joto la kawaida la msimu wa joto, na yakakaa hivyo kwa wiki kadhaa, tumbawe linautoa mwani na kubaki jeupe. Hapo bado halijafa. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi. Yakichelewa kupoa, linakufa njaa.

Mwaka 1998 ukanda wetu wa Bahari ya Hindi ulipigwa vibaya sana. Mwamba wa Tutia kule kusini mwa Mafia, uliokuwa fahari ya wapiga mbizi, ulipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake. Dunia nzima inakadiriwa kupoteza asilimia 16 ya matumbawe ndani ya mwaka ule. Joto lile halikuchagua kati ya mwamba uliohifadhiwa na usiohifadhiwa. Tofauti ilionekana baadaye, katika miaka ya kupona. Mwamba wenye samaki wanaokula majani ya baharini, usiovunjwavunjwa, unaanza kuota tena. Mwamba uliobaki kifusi hauoti, kwa sababu mabuu ya matumbawe yanataka jiwe lililotulia ili yanase. Kifusi kinabiringishwa na kila wimbi, na kila kinachojaribu kuota juu yake kinasagika.

Kifusi chetu kimetoka wapi? Kwa sehemu kubwa, kwenye baruti.

Uvuvi wa mabomu ulikuwepo Tanzania tangu miaka ya 1960, na kwa miaka mingi sisi ndio tuliokuwa tukitajwa Afrika kwa aibu hii. Baruti inayotoroshwa migodini, au mbolea iliyochanganywa na dizeli, inatiwa kwenye chupa, inawekwa utambi, inarushwa palipo na kundi la samaki. Wanaoelea juu wanaokotwa. Wengi wanazama na kuoza chini. Tumbawe la mviringo linalokua kama sentimita 1 kwa mwaka linapasuliwa kwa sekunde moja, na kwa hesabu hiyo tumbawe la upana wa mita moja lilichukua miongo mingi kukua.

Mwaka 2015 watafiti walipita na chombo pwani yote ya Tanzania Bara na visiwani, wakiburuta vinasa sauti chini ya maji kwa takribani mwezi mmoja. Walinasa milipuko 318. Asilimia 62 ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Yaani mlangoni pa jiji lililokuwa na wizara, polisi, jeshi la majini na soko la samaki la Feri.

Na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtaalamu wa matumbawe Tim McClanahan, aliyefanya kazi pwani ya Kenya na Tanzania kwa miongo mingi, alionyesha kwamba kipande cha bahari kutoka Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya, hadi maeneo ya Dar es Salaam, Tanga na Mkondo wa Pemba vikiwa ndani yake, kina maji ya kina kirefu yanayopooza miamba wakati kwingine kunachemka. Ni mojawapo ya sehemu chache za Bahari ya Hindi Magharibi ambako matumbawe yana nafasi nzuri ya kuvuka karne hii. Sasa weka ramani hiyo juu ya ramani ya milipuko. Palepale tulipopewa nafasi ya kuokoka na joto, ndipo tulipolipua zaidi.

Msiseme hatujawahi kuweza. Tanga kulikuwa na mradi wa usimamizi wa pwani tangu 1994, vijiji vikakubaliana kufunga baadhi ya miamba, Kitanga na Kipwani ikiwemo, doria zikafanywa na wanavijiji pamoja na askari. Mwishoni mwa miaka ya 1990 milio ilikaribia kunyamaza kabisa. Nguvu za doria zikapungua, na kufikia katikati ya miaka ya 2000 mabomu yalikuwa yamerudi. Kilipoundwa kikosi kazi cha vyombo mbalimbali 2015, kikaanza kuwafuata wanaosambaza baruti na wenye mitaji badala ya kumsubiri kijana mwenye chupa baharini, milio ikashuka tena kwa kiasi kikubwa. Nawapongeza waliofanya kazi hiyo. Ila tumeshaona mara moja kitu hiki kikinyamaza na kurudi.

Karibuni tujadili. Wavuvi mlioko humu, nawahitaji zaidi.

#2 Nahodha wa Dago

Mleta mada umeongea vizuri, lakini umeongea kama mtu mwenye mshahara.

Mimi ni mvuvi wa dema, yaani mtego wa kusuka, na mshipi. Baruti naichukia kuliko wewe, kwa sababu mwamba ukilipuliwa leo mimi ndiye ninayerudi na dema tupu. Lakini kila nikisikia neno hifadhi najua kuna mahali naenda kufukuzwa. Wanakuja na maboya, wanasema hapa marufuku, kisha wageni wanaletwa kuogelea palepale. Hiyo miaka mnayosubiri samaki wazaliane watoto wangu wanakula nini? Na wale wa juya, wavu wa kukokota, wanaotoka wilaya nyingine usiku, nani anawakamata? Sisi tunaofuata sheria ndio tunaokaa njaa.

#3 Mwambao_Tanga (mleta mada)

Nahodha, hoja yako ni nzito, na ndiyo sababu sikuishia kwenye doria.

Tazama Chumbe, pale karibu na mji wa Unguja. Mwamba wake ulifungwa kisheria 1994, ukapewa kampuni binafsi kuusimamia. Wavuvi wa vijiji jirani wakaajiriwa kuwa walinzi, hawabebi silaha, wanazungumza na mvuvi mwenzao anayekaribia. Fedha za wageni wachache wanaolala kisiwani zinalipia ulinzi na kuwaleta wanafunzi wa Zanzibar kuona matumbawe kwa macho yao. Ulipauka 2016 kama miamba mingine, na hadi leo unahesabiwa kati ya miamba bora ya ukanda huu. Mimi naisifu Chumbe. Lakini tusiwaambie wanakijiji wote wafanye kama Chumbe, kwa sababu upande ule wa kisiwa hata kabla ya hapo ulikuwa hauvuliwi sana. Ni njia ya meli. Hakuna kijiji kilichonyang'anywa kitoweo ili Chumbe ipatikane. Kwako wewe hali ni nyingine kabisa.

Kinachokufaa ni kile kinacholipa ndani ya miezi, na hicho ni pweza.

Pweza anakua haraka kuliko karibu kila kitu tunachovua. Anaishi kama mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo, jike anataga mara moja, anayalinda mayai hadi yaanguliwe, kisha anakufa. Ukimwacha mwezi mmoja au miwili ya ziada, uzito wake unaweza kuongezeka maradufu. Kule Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walijaribu kufunga sehemu ya mwamba 2004 kwa miezi michache tu, wakafungua, wakavua pweza wakubwa, na vijiji jirani vikaomba kufundishwa. Utaratibu huo umeshafika kwetu: Pemba, Unguja, Mafia. Kijiji kinafunga kipande tu cha mwamba, kwa kawaida miezi mitatu, sehemu nyingine zinaendelea kuvuliwa. Hakuna anayelala njaa kwa ajili ya mjukuu ambaye hajazaliwa.

Faida kwa matumbawe inakuja humo humo. Kwa miezi mitatu hakuna anayekanyaga kile kipande, hakuna anayepindua mawe kwa chuma kuchokoa, hakuna nanga. Na kijiji kilichoona mizani ikipanda siku ya kufungua kinaanza chenyewe kuzungumzia kufunga mwamba mwingine moja kwa moja. Kuruwitu, kule Kilifi, wavuvi wenyewe ndio waliotenga kama hekta 30 katikati ya miaka ya 2000 baada ya kuona bahari yao inakwisha. Kulikuwa na ugomvi mkubwa mwanzoni, hilo lisifichwe. Leo samaki wanaotoka nje ya mpaka ule wanavuliwa na walewale waliokuwa wakipinga.

Kuhusu watu wa juya wanaotoka mbali: huyo ndiye mtihani wa kweli, na BMU yako, kamati ya kijiji ya kusimamia uvuvi, peke yake haitoshi. Inabidi vijiji vinavyopakana vikae pamoja, viandike sheria ndogo zinazofanana, halmashauri izipitishe, na dago lolote, yaani kambi ya wavuvi wageni, linalofika lijulikane linapokelewa na nani. Wenyeji wanaowakodisha wageni sehemu ya kulala na kuwauzia barafu wanawajua kwa majina.

#4 Bi Shehia

Assalaam alaykum. Naandika kutoka Pemba.

Haya ya pweza kaka ameyasema sawa, ila kuna jambo amelipita. Huku wanaokwenda mwambani kwa miguu maji yakitoka ni sisi wanawake. Tunachokoa kwenye maji mafupi, bamvua likija, maji yanapotoka mbali zaidi, ndiyo siku zetu. Sasa mwamba ukifungwa tunakaa sote, tunalinda kwa zamu sote. Ukija kufunguliwa, wanaume wana miwani na mikuki, wanazamia, wanatangulia, na wengine wanatoka shehia za mbali wamesikia tu kwamba leo kunafunguliwa. Ikifika saa nne pweza wameshakwisha. Sisi tuliokaa miezi mitatu tunarudi na wawili watatu.

Na bei. Siku hiyo pweza ni wengi mno kwa wakati mmoja, mnunuzi anajua hatuna jokofu, anashusha bei anavyotaka.

Sisemi isifungwe. Ifungwe. Lakini kamati ya uvuvi ya shehia ikiwa na mwanamke mmoja wa kujaza nafasi, haya hayasemwi kikaoni.

#5 Nahodha wa Dago

Bi Shehia, shikamoo. Hilo la wazamiaji kutangulia ni kweli tupu. Huku kwetu ni hivyohivyo.

#6 Mwambao_Tanga (mleta mada)

Bi Shehia, shikamoo na ahsante sana. Naomba wote tulioko humu tusome tena alichoandika, kwa sababu ripoti nyingi huandika kilo zilizopatikana siku ya kufungua na hazisemi kilo hizo zimeingia kwenye ndoo ya nani. Uamuzi wangu ni huu: kipande cha maji mafupi kifunguliwe kwanza kwa wanaotembea kwa miguu, wazamiaji wasubiri maji ya pili. Na mnunuzi akubaliwe kabla, wakati pweza bado wako majini na kijiji bado kina nguvu ya kukataa.

#7 Mwanachuo_Bahari

Wakuu, maswali mawili. Kwanza, kwa nini mnawataja samaki wanaokula majani? Mimi nilidhani tatizo ni matumbawe yenyewe. Pili, mbona hatupandi tu matumbawe mapya? Naona picha za vitalu vya matumbawe huko Mnemba, Zanzibar, na Kenya, inaonekana ni kazi inayofanyika.

#8 Mwambao_Tanga (mleta mada)

Mwanachuo, la kwanza ndilo ninalolipenda kuliko yote kwenye mada hii.

Tumbawe na majani ya baharini wanagombania jiwe moja. Majani yanakua haraka zaidi. Anayeyazuia ni pono, chafi, puju na wenzao, wanaokwangua na kula mchana kutwa. Pono anauma hadi chokaa, na mchanga mweupe mwingi mnaoupiga picha ufukweni umepita tumboni mwa pono. Ukiwamaliza hao, tumbawe likifa kwa joto jiwe linachukuliwa na majani na halirudi.

Kisha kuna samaki aitwaye kikande. Wavuvi wengi wanamdharau, nyama yake si ya kugombania. Lakini huyo ndiye mlaji mkubwa wa wale wadudu weusi wa miiba mirefu wanaotuchoma miguu. Kwenye miamba ya Kenya iliyovuliwa kupita kiasi, vikande walikwisha, wenye miiba wakajaa, wakaanza kukwangua mwamba wenyewe kwa kasi inayozidi ile ambayo mwamba unajijenga. Palipofungwa, vikande walirudi, ingawa polepole, na wenye miiba wakapungua. Kwa hiyo dema lenye matundu madogo linalobeba vikande na vipono vya kiganja linaua mwamba bila kelele. Na juya na kigumi, wavu wa aina hiyohiyo, ni vibaya maradufu: vinabeba wachanga wote na kuvunja matumbawe kwa pamoja.

Kupandikiza. Naheshimu kazi ya Mnemba, na ya akina mama wa Wasini na watu wa Mkwiro kule Shimoni. Wanapata kipato, wanajifunza, na kifusi cha baruti kilichokaa miaka bila kuota kitu hakika kinahitaji msaada wa mkono. Lakini usipande mahali ambapo juya bado linapita, utakuwa unawalisha. Na joto halijali kama tumbawe limepandwa au limejiotea. Julai 2023 kule Florida kipimo kimoja katika ghuba yenye maji mafupi kilisoma zaidi ya nyuzi 38, na watu wakalazimika kuyatoa matumbawe ya vitaluni na kuyapeleka kwenye matangi ya nchi kavu. Hiyo ni Marekani, yenye fedha za kufanya hivyo. Kipande cha mwamba unachoweza kupanda kwa mwaka ni kidogo mno ukilinganisha na kile ambacho chafi, pono na mkondo wa maji watakurudishia bure ukikiacha.

Mwaka 2021 timu iliyoongozwa na Mkenya David Obura ilitathmini miamba yote ya Bahari ya Hindi Magharibi, kanda 11, ikaona yote iko katika hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50. Walitaja sababu mbili kubwa: joto, na uvuvi uliopita kiasi. Sababu ya kwanza inaamuliwa kwenye mikutano ya mataifa, na lazima viongozi wetu waende wakaipigie kelele, maana wanasayansi walishasema 2018 kwamba joto la dunia likifika nyongeza ya nyuzi 2 zaidi ya asilimia 99 ya matumbawe yatakwisha. Sababu ya pili iko kwenye gati la kijiji chako.

#9 Mama Lishe Kariakoo

Nimesoma uzi wote. Mimi nanunua samaki Feri kila asubuhi, sijawahi kuona tumbawe hata moja. Nitajuaje kama samaki changu niliyenunua ni wa bomu? Maana sitaki kuwa sehemu ya hili.

#10 Mwambao_Tanga (mleta mada)

Dada, swali lako lina uzito kuliko maandishi yangu yote, kwa sababu bomu linarushwa ili wewe ununue.

Samaki wa bomu kwa nje anaweza kuonekana mzima kabisa. Mbonyeze: nyama yake ni laini, haisimami, hata akiwa bado mbichi na macho yanang'aa. Mpasue tumbo: utakuta damu imevia ndani na kile kifuko cha hewa kimepasuka. Uti wa mgongo umevunjika, ukiuvuta unaachana na nyama kirahisi, na vimiba vimetoka mahali pake. Samaki wa mshipi au wa dema hayuko hivyo, uti wake umeshika. Ukikuta hivyo, mrudishe kwa muuzaji mbele ya wateja wengine na umwambie kwa nini. Wauzaji wanajua wamenunua kwa nani.

Na pweza mdogo mkatae. Kisheria chini ya gramu 500 haruhusiwi.

#11 Nahodha wa Dago

Mleta mada, nimekuelewa. Bado sijakubali yote, ile habari ya maboya na watalii sijaisahau. Ila hili la pweza nalipeleka kwenye kikao cha BMU. Niambie tuanzie wapi, kwa ufupi, maana wazee hawakai kusikiliza hotuba.

#12 Mwambao_Tanga (mleta mada)

Nahodha, chagueni mwamba mmoja mdogo unaoonekana kutoka kijijini, ili mtu yeyote aliyeketi ufukweni awe mlinzi. Msichague ule bora kuliko yote, watu watagoma. Mipaka wekeni kwa alama ambazo kila mvuvi anazijua tayari, mkondo fulani, fungu fulani, na maboya mawili matatu. Maboya hayo hayo yafungwe vizuri yatumike kufungia mashua, nanga zisitupwe juu ya mwamba. Waiteni viongozi wa vijiji vya kaskazini na kusini yenu kabla ya kufunga, wasisikie kwa watu. Pimeni pweza wiki moja kabla, kila mmoja kwenye mizani, muandike daftarini, msije mkabishana baadaye kama wameongezeka. Adhabu iandikwe, isomwe msikitini na kwenye mkutano wa kijiji, na imguse hata mtoto wa mwenyekiti.

Siku ya kufungua ipangwe bamvua. Bei iwe imeshakubaliwa na mnunuzi kwa maandishi, na kina mama waingie kwanza.